Tarehe ya kliniki ilipoangukia sikukuu: kisa cha presha ya Shangazi

Usiku wa kuamkia Desemba 30, mnamo saa nane, shangazi yangu aliamka akiwa amebanwa na pumzi. Alikuwa kijijini kwao, wilaya ya Bahi, alikoenda kula Krismasi na ndugu zake. Alikaa kitako kitandani, akaomba afunguliwe dirisha. Dirisha lilikuwa wazi tangu jioni. Akatoka nje, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, lakini hata huko uwanjani hewa haikumtosha. Kikaja kikohozi, na kikohozi kikaleta povu.

Asubuhi, saa kumi na mbili, gari la jirani lilimfikisha hospitali mjini Dodoma. Presha ilikuwa 204/116, mapigo ya moyo 112 kwa dakika, oksijeni kwenye damu asilimia 86. Miguu ilikuwa imevimba hadi karibu na magoti. Ukibonyeza kwa kidole gumba, shimo linabaki. Mapafu yalikuwa yamejaa maji.

Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi kwenye kliniki ya presha na kisukari katika kituo cha afya hapa mjini, na Shangazi ni mmoja wa wagonjwa wetu. Kwa hiyo kisa hiki ni chake na ni cha kazi yangu pia. Ameniruhusu nikiandike kwa sharti nisimtaje jina, na akasema nisifiche kitu.

Ana miaka 61, anaishi Nkuhungu, anauza mboga na nyanya kwenye genge mbele ya nyumba yake. Presha aligundulika nayo miaka tisa iliyopita. Alikuwa anatumia dawa mbili kila asubuhi: amlodipini, inayolegeza mishipa ya damu, na haidroklorothiazaidi, ambayo wagonjwa wetu wanaiita dawa ya kukojoza kwa sababu inatoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Novemba 18 alikuja kliniki. Presha 134/82, uzito kilo 71. Nilimsifu, nikamjazia kadi, akapewa dawa za siku 30. Tarehe ya kurudi: Desemba 18.

Tarehe hiyo niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Alipolazwa, ndugu walijaa wodini, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Baba mdogo alisema ni mafuta ya mbuzi wa Krismasi. Shangazi alikula mbavu mchana na supu usiku. Binamu yangu alisema ni mawazo, maana tarehe 27 kulikuwa na kikao kizito cha mpaka wa shamba. Wifi yake Shangazi alinong'ona kwamba ni uzee tu umefika. Nilisikiliza yote. Siyadharau, hasa lile la mawazo, kwa sababu hasira na hofu hupandisha presha kweli, na mlo mzito wa usiku huupa moyo kazi ya ziada. Ila hakuna hata moja kati ya hayo lililoeleza kitu nilichokiona kwenye mizani.

Siku alipolazwa alikuwa na kilo 75.4. Akapewa oksijeni, akachomwa sindano za kutoa maji, presha ikashushwa. Januari 3 anaruhusiwa kwenda nyumbani, mizani ilisoma 71.2. Kilo nne na ushee ziliondoka kwa siku nne, na ziliondokea chooni. Mafuta ya mwilini hayaondoki hivyo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo shangazi yangu alikuwa amebeba zaidi ya lita nne za maji yasiyokuwa na kazi mwilini. Maji hujazwa na chumvi, au na figo zilizoshindwa kuitoa chumvi hiyo. Mbuzi mmoja, awe amenona vipi, hafanyi jambo hilo kwa siku moja. Madhara ya mafuta kwenye mishipa ya moyo yapo, lakini hujengeka kwa miaka.

Kipimo cha umeme wa moyo na cha damu havikuonyesha mshtuko wa moyo. Kipimo cha picha ya moyo, kile wengi wanachokiita eko, kilionyesha kwamba misuli ya chumba cha kushoto imenenepa. Hiyo ni kazi ya miaka tisa ya kusukuma damu kwenye mishipa iliyokaza, na nina hakika mingi kati ya miaka hiyo ilipita kabla hajawa mtu wa kliniki kila mwezi. Moyo ulionenepa hivyo bado unasukuma vizuri, ila umekuwa mgumu, haulegei vya kutosha kupokea damu. Mwongezee maji, mpandishie presha ghafla, damu inarudi nyuma kwenye mapafu. Ndiyo povu la saa nane usiku.

Basi maji yale yalitoka wapi? Nilikaa naye kitandani siku ya tatu, kalenda mkononi, tukarudi nyuma siku moja moja. Nakishauri kila kituo kifanye hivyo kabla ya kumwambia mgonjwa "punguza chumvi" na kumwacha aende.

Aliondoka mjini Desemba 12. Kati ya vidonge 30 alikuwa amebakiwa na sita vya kila aina. Aliviona ni vichache, akafanya hesabu ambayo ukiisikiliza ina akili ndani yake: akaamua kunywa siku moja, kuruka siku moja, "ili na mimi nifike sikukuu nikiwa na dawa, mwanangu." Kwa hesabu hiyo kidonge cha mwisho alikinywa Desemba 22. Tarehe 24 alipanga kumtuma mjukuu senta akanunue vingine. Tarehe 23 jioni ikanyesha. Wanaoishi huku wanajua mvua za Desemba zinavyokuja kwa kishindo baada ya miezi mingi ya ukavu: korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linapita na magogo jioni. Korongo la kati ya kijiji na senta lilijaa, likapungua, likajaa tena. Mjukuu hakwenda.

Kwa hiyo siku saba kamili hakuwa na dawa yoyote. Na hata zile siku kumi na moja za kurukaruka hazikuwa sawa kwa dawa zote mbili. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, ukiikosa siku moja kuna kiasi kinachobaki kinakushikilia. Dawa ya kukojoza haina subira hiyo. Tangu Desemba 13, kila siku aliyoiruka, chumvi ilikuwa inabaki ndani. Naongeza hapa jambo ambalo si lake lakini ni la wagonjwa wetu wengi: siku ya safari huiacha makusudi, kwa sababu nani ataomba basi lisimame mara tatu kati ya Dodoma na Singida? Wanaficha hilo wakija kliniki. Hatuwaulizi.

Sasa goti. Shangazi ana goti la kulia linalomsumbua. Desemba ni msimu wa kupanda, na mtu wa kwao akikuta ndugu wako shambani hakai kivulini. Alishika jembe siku mbili. Goti likawaka. Desemba 19, korongo likiwa bado kavu, alikwenda mwenyewe senta kwenye duka la dawa, akauziwa diklofenaki vidonge 20, kutwa mara mbili. Muuzaji alimuuliza goti linauma tangu lini. Hakumuuliza kama ana presha, na Shangazi hakuona sababu ya kuitaja, maana alikuwa amekwenda kwa ajili ya goti. Cha kuumiza zaidi ni kwamba siku hiyo alisimama mbele ya rafu yenye amlodipini, na hakununua, kwa sababu bado alikuwa na vidonge viwili kwenye mkoba.

Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao hupunguza maumivu vizuri, lakini huzifanya figo zishikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na huzipunguzia nguvu dawa nyingi za presha, ikiwemo ya kukojoza. Shangazi alivinywa vidonge vyote 20, asubuhi na jioni, bila kukosa hata kimoja, hadi Desemba 28. Nilipomuuliza kwa nini hivi hakuvirukaruka alinitazama kama nimeuliza swali la mtoto. "Goti linauma. Presha haiumi."

Nimeliandika neno lake hilo kwenye daftari langu la kazi, ukurasa wa kwanza.

Limebaki chungu. Shangazi aliapa kwamba chumvi aliacha zamani, na kwa maana yake alikuwa anasema kweli: haongezi chumvi mezani, na chupa ya chumvi haipo mezani kwake. Katikati ya Januari nilikwenda Nkuhungu nikamkuta anapika mlenda, nikiwa na mizani ndogo ya jikoni ya kupimia unga wa keki. Nilimwambia, "Shangazi, pika kama unavyopika siku zote, mimi nitapima tu." Akachota magadi kwa vidole vitatu. Kabla hajayatia kwenye maji niliomba ayaweke kwenye kisahani: gramu 4. Mlenda ukachemka, ukaanza kuvutika, akaupiga kwa mwiko, akatia nyanya na karanga za kusaga. Kisha chumvi, vijiko viwili vidogo vya kufuta: gramu 10. Chungu cha watu watano.

Chumvi ya jikoni karibu asilimia 40 yake ni sodiamu. Magadi, yakiwa safi, ni kama asilimia 30. Ukijumlisha, chungu kile kilikuwa na gramu 5 za sodiamu, yaani gramu moja kwa kila mlaji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 2 za sodiamu kwa siku nzima, sawa na gramu 5 za chumvi, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Nyumbani kwa Shangazi mlenda huliwa mchana na usiku. Basi siku ya kawaida kabisa, mboga peke yake imeshajaza kipimo, bado hujahesabu mkate wa asubuhi. Na kijijini siku za sikukuu kulikuwa na pilau lililotiwa vipande vya kiungo cha mchuzi, karanga za kukaanga na chumvi, na nyama choma inayochovywa kwenye sahani ya chumvi na pilipili. Hilo la kuchovya ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu kila tonge linachovywa upya na hakuna anayehesabu.

Kuhusu magadi nataka niwe mwadilifu. Ni chakula chetu, mlenda ni mboga njema, na kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba sodiamu isiyoambatana na kloridi, kama hii ya magadi, haipandishi presha kwa nguvu ile ya chumvi ya kawaida. Simwambii Mgogo aache mlenda, na sitaki mtu yeyote wa afya aje Dodoma aseme hivyo. Ninachosema ni kwamba ukiwa na moyo kama wa Shangazi, magadi yanaingia kwenye hesabu, nayo hayajawahi kuingia. Kliniki tunauliza "chumvi unatumia?" Anajibu hapana. Magadi hatuulizi.

Tulijaribu siku ileile chungu cha pili. Magadi nusu ya yale, chumvi hakuna kabisa, karanga zikaongezwa, nyanya ikaongezwa, na ndimu na pilipili zikawekwa pembeni. Alionja. Akakaa kimya. Akaonja tena akasema unavutika vizuri ila "umepoa". Tukakubaliana kijiko kimoja kidogo cha chumvi kwa chungu kizima, na hapo ndipo tulipo hadi leo. Wajukuu walilalamika wiki mbili za kwanza, kisha wakanyamaza, ulimi huzoea.

Ukiniuliza mpangilio wa makosa, mimi naweka dawa kwanza, diklofenaki ya pili, chumvi na magadi ya tatu, halafu lile gomvi la shamba. Mbuzi wa baba mdogo namweka mwisho. Mwingine anaweza kupanga tofauti, lakini sidhani kama moja peke yake lingemkatisha pumzi. Yalikutana, na kilichoyakutanisha ni safari. Nyumbani kwake kila kimoja kilikuwa na mlinzi: kopo la dawa liko karibu na birika la chai, genge linamlazimisha kusimama na kutembea bila kushika jembe, kliniki iko mwendo wa dakika ishirini, chungu anapika mwenyewe. Sikukuu ilimtoa kwa walinzi wote kwa mkupuo, wiki mbili na nusu. Sisi watu wa afya tukifika Desemba tunahubiri nyama na pombe. Ni sawa, pombe nyingi huvuruga hata mdundo wa moyo, na madaktari wa Marekani waliipa hali hiyo jina la moyo wa sikukuu tangu 1978. Lakini Shangazi hanywi pombe.

Si kwetu tu. Sweden walipitia kumbukumbu za wagonjwa wa mshtuko wa moyo zaidi ya 280,000 za miaka 1998 hadi 2013, wakakuta mkesha wa Krismasi una hatari iliyozidi kwa asilimia 37, kilele kikiwa kama saa nne usiku, na walioathirika zaidi ni wazee na wenye kisukari au ugonjwa wa moyo. Ungesema ni baridi. Lakini waliona ongezeko, dogo kuliko hilo, hata kwenye sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, na Pasaka hawakuliona. Shangazi hakupata mshtuko wa moyo, na Bahi hakuna theluji, ila takwimu hizo zilinitoa kwenye wazo kwamba hii ni habari ya familia moja isiyojipanga.

Pasaka ilipokaribia, Shangazi alisema anarudi kijijini. Binti yake alitaka kumkataza. Mimi nilikataa kumkataza. Kwenda kwa ndugu, kuimba kanisani kwao, kukaa na wajukuu jioni, hayo nayo yanaulinda moyo, na mtu aliyenyimwa sikukuu ataificha kliniki. Tulichofanya ni kumwandalia safari. Alipewa dawa za siku 60, akazigawa mara mbili, nusu kwenye mkoba, nusu kwenye begi la nguo. Daktari alimwandikia parasetamoli kwa ajili ya goti, na kwenye kipande cha boksi nikaandika kwa herufi kubwa NINA PRESHA, akionyeshe kwenye duka lolote la dawa kabla ya kutaja kinachouma. Watoto walichanga wakanunua mashine ya kupima presha ya mkono wa juu na mizani ya kusimamia. Kanuni ya mizani ilikuwa moja: kila asubuhi, baada ya haja ndogo, kabla ya chai, ukizidi kilo mbili ndani ya siku tatu, au ukianza kuhitaji mto wa pili ili upumue ukilala, usisubiri korongo, njoo.

Jumapili ya Pasaka mchana alinipigia, sauti juu. Presha 168 juu, 98 chini. Nyuma yake nilisikia sufuria, watoto na redio. Nikamuuliza amekaa wapi. Alikuwa kwenye ukingo wa jamvi, miguu imekunjwa, sahani ndiyo kwanza imeondolewa, mkono unaning'inia, na ananisimulia nani kaja huku mashine inajivuta. Nikamwomba ahamie kiti chenye egemeo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akae kimya dakika tano, asiongee hata na mimi. Aliporudia: 144/86. Si nzuri sana, ila si ya kumkimbiza mtu. Uzito ulikuwa umepanda kilo 1.1 tangu Ijumaa. Tulijua sababu, pilau lilikuwa na vile vipande vya kiungo. Jioni alikula ugali wa uwele na maziwa ya mgando, akatembea na wajukuu hadi kisimani na kurudi. Jumatano kilo zilikuwa zimerudi, presha 136/82.

Nilichokuwa sikukitarajia ni mashine yenyewe. Kila aliyemkuta Shangazi anajipima alitaka apimwe. Baba mdogo, yule wa mafuta ya mbuzi, alikaa mwisho akicheka, akasema yeye ana miaka 55 na hajawahi kumeza hata panadoli. 172/104. Akapumzika dakika tano, 170/102. Asubuhi yake akapima tena kabla ya chai, 168/102. Hakuwa anaumwa popote.

Alikuja mjini Jumatatu iliyofuata, akanisalimia "Mbukwenyi" mlangoni mwa kliniki huku akiangalia chini, kofia mkononi. Siku hiyo nilimfungulia kadi, daktari akamwanzishia dawa. Presha yake sasa inacheza kwenye 138. Kliniki yetu imeongeza swali moja kwenye kadi kuanzia Oktoba: sikukuu utakuwa wapi? Kwa mzunguko wa kawaida, baba mdogo alitakiwa kurudi Desemba 23. Tumeirudisha nyuma hadi Desemba 9, na ataondoka na vidonge 60.